Mikono Miwili kwenye Usukani

Hakimu aliniuliza maswali mengi siku ile, ila moja bado linanikera.

"Wakati lori linaacha njia, mikono yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa naitikia salamu, mheshimiwa."

Watu walicheka mpaka karani akainamisha uso mezani. Hakimu hakucheka. Alikuwa mgeni Sumbawanga kama mimi, na sidhani kama alikuwa amewahi kusalimiwa na mtu wa Ufipa akasalimika. Kule mtu akikuheshimu huweka mzigo wake chini, huchuchumaa, hupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyolegea, na wewe unampigia yako. Kumjibu kwa kichwa au kwa honi ni kama kumwambia hujamwona. Mimi natoka Mbeya, desturi hiyo niliikuta ukubwani, lakini niliishika kuliko wenyewe. Nilikuwa na chumba cha kupanga mtaa wa Chanji, kitanda, jiko la mkaa na redio iliyokamata stesheni pale ilipojisikia. Ndani ya chumba kile hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Barabarani niliulizwa na kila mtu.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha lori la serikali, kupeleka mbolea na mbegu vijijini. Nilipoanza, barabara ilikuwa tupu, majani huku na majani kule, na watu walikaa mbali kwenye makazi yao ya zamani. Kisha wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa mistari miwili kando ya barabara, na kila mlango ukawa unanitazama mimi. Hapo salamu zikafurika. Katika kijiji kimoja, nyumba ya kwanza ukitokea mjini, aliishi mama mmoja mzee ambaye hakuwahi kuniacha nipite hivi hivi. Akisikia lori anaacha ulezi wake kwenye ungo, anatoka, anachuchumaa, anapiga makofi. Nami naachia usukani, napiga yangu mawili matatu, naushika tena. Nilishazoea, na nilijiona hodari.

Siku ya ajali nilikuwa namwitikia yeye; gurudumu liliingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, mikono yangu ikiwa hewani. Lori lililala ubavu, mifuko ikapasuka, na utingo wangu, mtu mzima mwenye familia yake, akavunjika mkono. Mkono uliunga vizuri, na yeye hakuninunia hata siku moja. Mahakama nayo ilikuwa na hesabu zake: nikafungiwa leseni mwaka mzima, na askari akaichukua palepale kizimbani.

Ofisini hawakunifukuza, na kuna siku nilitamani wangenifukuza tu. Walinipa ufagio na ndoo. Nikawa naosha malori ambayo sikuruhusiwa hata kuyasogeza. Likitakiwa kuhamishwa moja kutoka kwenye tope, anaitwa mwingine, mimi nasimama pembeni na tambara langu. Mtaani nilikuwa nimezoea kuitwa Dereva. Mwanzoni waliendelea kuniita hivyo kwa mazoea, halafu wakaanza kujikwaa: "Habari za asubuhi, De... habari yako, ndugu." Ndugu! Enzi zile kila mtu alikuwa ndugu, kwa hiyo hilo halikuwa jina. Jioni nilikuwa napika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu, kila siku unazidi.

Jumapili moja baada ya ibada nilishindwa kukaa. Nilitoka mjini kwa miguu, nikapita mashamba ya Izia, nikaifuata barabara yangu mpaka kile kijiji. Nilijidanganya kwamba naenda kumtoa wasiwasi yule mama, asije akadhani ajali ile ni kosa lake. Ukweli ni kwamba nilitaka kusalimiwa.

Mtu wa kwanza kuniona alikuwa mzee aliyekuwa akichonga mpini wa jembe. Alinitambua, nina hakika, kisha akageuka na kuendelea kuchonga akitazama majani. Wanawake waliokuwa wanatwanga waliacha kutwanga, wakaingia ndani. Yule mama alikuwa mlangoni kwake. Aliponiona alificha mikono ndani ya khanga, akanipa mgongo.

"Shikamoo, mama!" niliita.

Hakuitika. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu mbele ya kuku, kisha nikageuka kurudi mjini, upepo ukinipiga usoni. Niliwachukia, sitaficha. Nilisema moyoni, kumbe makofi yote yale yalikuwa ya lori.

Mwaka ulipokwisha niliambiwa nipimwe upya. Afisa wa trafiki alikaa kando yangu, tukapanda kuelekea Malangali. Nilirudi nyuma, nikasimama mlimani, nikaondoka bila gari kuteleza. Karibu na shamba moja mwanamke mwenye jembe begani alilishusha, akachuchumaa, akanipigia makofi. Alikuwa wa kwanza kunisalimia hivyo kwa mwaka mzima, na hakunijua hata kidogo. Nilikaza mikono yote miwili kwenye usukani, nikampita kama jiwe.

"Sasa umekuwa dereva," alisema afisa, akacheka.

Leseni nikarudishiwa. Nilitoka pale nayo mfukoni, na sikuwa na wa kumwonyesha. Usiniulize kama nilifurahi.

Safari ya kwanza walinipa barabara ileile. Kijiji kilipotokea nilipunguza mwendo, nikasema leo ama zao ama zangu. Yule mama alikuwa nje na ungo wake. Alilisikia lori, akanyanyuka, akaligeuzia mgongo, mikono ndani ya khanga. Nilisimamisha gari. Nilizima injini, nikavuta breki, nikashuka na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Kisha nikachuchumaa katikati ya barabara na kumpigia makofi mimi.

Aligeuka nusu tu. "Inuka! Watakuona!"

"Nani ataniona, mama? Mbona mmeninyima salamu, nimewakosea nini?"

"Mwenyekiti alituambia mkutanoni. Amesema mahakama imekufungia leseni kwa ajili ya makofi yetu. Ukipigiwa tena, leseni hairudi. Basi tukazuia mikono, kijiji kizima."

"Hata siku ile nilipokuja kwa miguu?"

"Sisi tutajuaje wanakuona kutoka wapi? Serikali ina macho." Aliniangalia sasa, usoni kabisa. "Siku ile niliumia, mwanangu. Sikula."

Mwaka mzima nimewalaani, nao mwaka mzima wananilindia leseni.

"Imerudi?" aliuliza.

Nikaitoa kwenye mfuko wa shati. Hakujua kusoma, lakini aliipokea kwa mikono miwili na kuitazama pande zote, akanirudishia.

"Na gari, umelifunga?"

"Nimevuta breki, mama. Na jiwe nimeweka."

Hakuniamini. Alilizunguka lori mwenyewe, akalisukuma lile jiwe kwa mguu kuona kama limekaa. Ndipo akarudi, akachuchumaa taratibu kwa sababu ya magoti yake, akanipigia makofi. Alipiga kwa muda mrefu, nami nikampigia kwa muda mrefu. Milango ya jirani ikafunguka, mzee wa mpini akaja, wanawake wakaja, wote wakachuchumaa kando ya barabara, viganja vinalia polepole.

Kisha nikapanda, nikawasha injini. Papo hapo wote walisimama, wakaficha mikono, wakageukia kuta za nyumba zao. Nilipita katikati ya migongo yao mpaka mwisho wa kijiji, mikono miwili kwenye usukani, machozi yananitiririka na sina mkono wa kuyafutia.