Dada Yangu Niliyemtunga Mahakamani

Mama Tumaini, jirani yangu hapa Ikolo, alinikopesha mabati ya kuezekea nyumba. Mafuriko yalipochukua mpunga wangu nilishindwa kumlipa, nikaanza kumkwepa kwa aibu. Kisha shemeji akaniambia amemwona akiingia mahakama ya mwanzo, tena si mara moja. Nikaamini amenishtaki, na huenda hukumu imeshatoka mimi nikiwa sina habari. Kila pikipiki iliyosimama nje nilidhani imeleta dalali wa mahakama kukamata mali yangu.

Asubuhi moja nikajitanda kitenge hadi kwenye nyusi, nikaenda kwa karani.

“Naulizia kama Atupele wa Ikolo ana kesi hapa, au hukumu.”

“Wewe ni nani yake?”

“Mdogo wake. Mwenyewe anaumwa.”

Karani alitafuta kwa subira. “Hakuna kesi dhidi yake. Mwambie asiwe na hofu.”

Nilimshukuru mno. Kwa furaha nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba dada yangu si mtu mbaya, ni mafuriko tu yalimwangusha.

“Hata mimi najua,” sauti ikasema kwenye benchi nyuma yangu. Alikuwa Mama Tumaini, amekuja kufuatilia mirathi ya marehemu mumewe. “Mwambie dada yako atalipa akivuna. Nimekwenda kumwambia hivyo mara nyingi, lakini akiniona anakimbilia migombani.”

Karani akainamisha uso akicheka. Nikashusha kitenge, nikapiga goti mbele ya watu wote.

“Ndaga fijo, mama,” nikamshukuru kwa Kinyakyusa, machozi yakinitoka.

“Inuka, Atupele,” akasema. “Na mgonjwa umpe pole.”