Nilisema Tufunge

Majina siandiki. Mchungaji wetu anasema jina la mtu lisiandikwe pembeni ya ubaya wake, na mimi nimetii kwa shida. Lakini kazi zao nitazitaja. Kulikuwa na shefu wa shimo. Kulikuwa na mnunuzi wa mawe ya madini aliyetuma mashine. Kulikuwa na mkuu wa chumba cha maombi. Anayekaa Kambove atawajua. Wa nne ni mimi.

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema huku, ndiye aliyenifundisha kuchimba. Shule mimi niliacha darasa la nne, yeye la sita, na kwa hayo madarasa mawili alikuwa ananisahihisha hata chini ya ardhi. "Weye, haisemwi vile." Tulishuka na tochi kichwani, yeye mbele, mimi nyuma. Siku moja ya mvua udongo ukashuka kati yake na mimi. Mguu wangu ulibanwa chini ya jiwe. Wenzetu wakanivuta kwa kamba, na wakati wananivuta nilisikia nyuma ya ule udongo: to, to. Kimya. Tena to, to. Yaya alikuwa anagonga na nyundo yake.

Wote walisikia. Mtu asije leo kuniambia hakusikia.

Walichimba siku ile mpaka maji yakaingia. Mimi walinileta Likasi, nyumbani kwa yaya, kule Shituru, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi ambazo mkikohoa jirani anawajibu pole. Walinilaza chumba cha mbele, mguu kati ya mbao mbili. Mke wa yaya, mulamu wangu kama mimi nilivyo mulamu wake, alinipa maji, akanifunika, hakulia mbele yangu.

Sasa niseme desturi yetu wachimbaji, juu bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Shimo lililomeza mtu halifungwi mpaka ndugu wa damu aseme neno. Si mke, si rafiki. Ndugu. Shefu wa shimo anakuja kwake, anavua kofia, anauliza mara moja tu. Ukijibu, imekwisha. Hakuna wa kurudi kuuliza mara ya pili. Desturi hiyo niliijua. Nimeiona ikifanywa kwa wengine. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Siku ya pili asubuhi alikuja mkuu wa chumba cha maombi. Tulikuwa tunasali kwake wote, mimi, yaya, hata shefu wa shimo. Alishika ule mguu wangu uliokuwa mzima, akafumba macho.

"Ndugu, yaya yako eko muzima. Mungu ameniambia. Lakini hii mambo inaomba kufunga. Siku tatu, bila kintu mu kinywa. Nitawatuma wandugu kwako, watakuuliza kama na weye utafunga pamoja nao."

Akaenda zake. Nililala pale nikiwangoja hao wandugu, na moyo wangu ulikuwa umeamka kidogo.

Saa sita mchana aliingia shefu wa shimo, na nyuma yake mtu wa yule mnunuzi. Kofia ilikuwa mkononi. Niliiona. Nilidhani ameivua kwa heshima ya maombi.

"Pole, mudogo."

"Asante, shefu."

"Tumekuya juu ya ile neno tu."

"Naijua. Wameniambia."

"Basi tufunge?"

"Tufunge," nikasema. "Siku tatu. Tuanze lelo hii hii."

Alimtazama yule mtu wa mnunuzi, akanigeukia. "Umesema."

"Nimesema. Mungu atusaidie."

Alivaa kofia yake, wakatoka. Na mimi nikafunga. Sikula. Nililamba maji kidogo tu, juu ya homa. Nilimwambia Mungu: angalia, mimi sina kitu kingine cha kukupa, chukua tumbo langu.

Siku ya tatu ya kufunga alikuja mchimbaji mwenzetu kuniona. Nikamuuliza wamefika wapi na kuchimba.

"Kuchimba nini?" akasema. "Shimo lilifungwa toka juzi. Mashine ilisukuma udongo, kazi ya saa moja. Si ni weye ulisema?"

Kufunga na kufunga. Neno moja. Mimi nilifunga tumbo, wao walifunga shimo, na yaya alikuwa ndani.

Nimekaa na hesabu hii miaka. Ukiniuliza kama shefu alikosea kama mimi nilivyokosea, nitakuambia hapana. Nilisema siku tatu, na mashine ilifanya kazi ya saa moja. Alisikia lile neno la siku tatu. Aliliacha mlangoni kwetu na akachukua lile alilolitaka, juu mnunuzi alitaka watu warudi kazini upande wa pili, na shimo lenye mtu anayegonga linafukuza wachimbaji. Hivyo ndivyo ninavyosema, na siku akija kubisha nitasema tena. Mkuu wa chumba cha maombi naye alirudi, akasimama miguuni pa kitanda: "Mungu amejibu kwa njia yake." Nilimtupia kikombe. Sikumpata.

Baada ya pale kanisa lilinishinda. Si kwamba niliacha kuamini. Ningeacha, ningepumzika. Nilikuwa naingia, nakaa nyuma, na wakitangaza, "Wapendwa, juma hii tutafunga," ninasikia ile mashine, ninainuka, natoka. Treni ikipita Shituru, magurudumu yanagonga kwenye maungio ya reli, to, to, na mimi nasimama barabarani kama mjinga, watu wananipita. Kuna siku nilimwambia Mungu maneno ambayo mlevi hamwambii mlevi mwenzake.

Mulamu aliambiwa tu kwamba familia ilikubali. Hakuuliza familia gani. Siku ile shefu alipokuja nilidhani yeye yuko sokoni, kwa hiyo nikanyamaza miaka yote. Kila Jumamosi alikuwa ananiita, ananiwekea bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, namshukuru, naenda. Kilio cha yaya hakikufanywa. Alikataa. Alisema hawezi kuita watu waje kumlilia mtu ambaye maiti yake hakuiona.

Mwaka huu akabadilika. Aliniita akaniambia amezungumza na mchungaji wa kanisa dogo la karibu na reli, tutafanya kilio Jumapili, baada ya ibada, na mimi kama ndugu nitasimama kueleza jinsi yaya alivyokufa. Ni kawaida, mtu wa familia anaeleza. Niliitika. Halafu sikulala vizuri juma zima. Kusimama mbele ya madhabahu na kuwaambia watu uongo juu ya kifo cha yaya, hapana. Kusimama na kusema kweli, yeye akiisikia pamoja na wageni, nayo hapana.

Jumamosi nilimkuta nyuma ya nyumba anatwanga sombe. Jua lilikuwa kali. Sikukaa.

"Mulamu, ile neno ni miye nilisema."

"Neno gani?"

"Ya kufunga."

Mchi haukusimama.

"Najua," akasema. "Nilikuwa mu chumba, nyuma ya pazia. Nilisikia yote."

"Lakini ulikuwa soko."

"Nilikuwa nimerudi. Ulisema siku tatu. Muntu gani anafunga shimo siku tatu?" Akatwanga. "Na miye nilifunga, mulamu. Nilifikiri tunafunga wawili, weye ku kitanda, miye ku jiko. Sikuweka kintu mu kinywa."

Hapo nilikaa chini.

"Na ile darasa la nne yako!" akasema. "Hukujua kuuliza, kufunga nini? Yaya yako angekuchapa." Nusu alicheka, nusu ilikuwa kitu kingine. "Na miye sikutoka kuuliza. Tulikosa wawili."

"Juu ya nini hukuniambia?"

Hapo mchi ulisimama.

"Nilikuwa nangoja weye. Kila Jumamosi naweka sahani, nasema mu roho, lelo atasema. Unakula, unasema asante, unaenda. Ile neno, Mungu aliisikia vile weye ulivyoisema. Yeye hakuisikia sawa na vile shefu alivyoisikia. Pale niko na amani. Lakini kunyamaza yako, ile ni yangu ya kusamehe. Ile sijakusamehe bado."

Nimesikia mahubiri mengi. Hakuna lililoingia kama lile la mwanamke mwenye majani ya sombe mikononi: kwamba yuko mmoja aliyesikia neno langu vizuri, siku ileile, saa ileile, kabla ya mashine kuwashwa. Kama alinisikia mimi, basi na kule chini alikuwa anasikia. Yaya hakugonga bure, hata kama sisi tulioko juu tulimwacha. Hiyo ndiyo imani yangu yote. Haijazi mkono, lakini naishika.

Jumapili nilisimama nikaeleza. Kanisani majina niliyataja, kwa sauti, hata jina langu, mpaka mzee mmoja akapiga kelele, "Ndugu, inatosha!" Nikasema haijatosha, nikaendelea. Mulamu alilia siku ile, kwa mara ya kwanza mbele yangu, na wamama wakamshika.

Shefu hakuwako. Bado sijamsamehe, nisiwadanganye. Namuombea Jumatano tu, na kwa ufupi.

Siku mbili baadaye mulamu aliniita nimtengenezee mlango wa jiko. Nilifika na nyundo. Alishika ubao, mimi nikapiga. Nilimuuliza bila kumtazama kama bado hajanisamehe.

"Bado," akasema. "Leta musumari ingine."