Diski iliyokufa nimeifufua mimi

Fundi wa mjini kasema diski imekufa. Mzee wa darasa la nne nimeifufua kwa kifutio cha penseli.

Iko hivi. Kompyuta ya binti yangu Neema, mwalimu hapa Mtinko, leo iligoma kuwaka. Akajaribu kupiga windo upya, yaani kuiwekea Windows, ikamwandikia haioni diski yoyote.

Na mtihani wa wanafunzi wake wa kesho umo humo.

Akampigia fundi. "Tupa hiyo, mwalimu, nunua nyingine."

Neema machozi. Mimi nikakumbuka: juzi niliifungua kuipangusa vumbi, na meno ya diski, pale inapochomekwa, nikayapaka mafuta ya alizeti. Mashine yangu ya kukamulia mafuta naipaka hivyo hivyo, haijawahi kushika kutu.

Kumbe umeme na mafuta havipatani.

Nikasema, "Lete bisibisi."

"Baba, utaimaliza."

"Mashine ni mashine, mama."

Nikafuta kwa spiriti, nikasugua kwa kifutio, nikachomeka. Ikawaka na windo lake lile lile, mtihani umo wote.

Neema akapiga goti. "Shikamoo, fundi."

Nikaitikia marahaba, nzito.

Habari ya mafuta hajui. Wewe ungemwambia?