Dakika Arobaini za Mukai

Mukai Nzuki hajawahi kuitia machoni kompyuta ya kwantamu. Iko ng'ambo, imefungiwa kwenye baridi kali, na yeye yuko ghorofa ya pili mjini Machakos na kompyuta sita za kawaida na feni inayolalamika. Lakini kila Jumanne saa nane mchana mashine ile ni yake kwa dakika arobaini, na ukimsemesha wakati huo utajuta.

Jumanne hii ilikuwa ya mwisho. Mradi wao unatafuta ratiba bora ya pampu za visima kumi na kimoja vya Yatta, na mara tatu mfululizo Mukai alikuwa amemaliza vinne tu. Vikimshinda tena, mradi ungefungwa, naye angerudi kwenye duka la saiba kuchapia watu barua za kuomba kazi.

Kosa lake aliligundua Jumamosi kwao Ekalakala, kwenye mwethya, akina mama wakisaidiana kuchimba matuta katika shamba la jirani. Walikuwa kumi na wawili, mtaimbo mmoja. Jiwe likishang'oka, hakuna anayebaki ameshika mtaimbo huku akilisukuma jiwe pembeni. Mwenzake anaupokea papo hapo. Mukai alisimama akacheka peke yake mpaka wakadhani jua limempiga. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa aking'ang'ania mtaimbo. Mashine ya ng'ambo ilijibu swali la kisima kimoja kwa sekunde chache, kisha ikakaa bure huku zile sita zikipiga hesabu ndefu za kisima hicho hicho kabla ya kuuliza tena.

Saa nane kamili akaanza. Kisima cha kwanza kikauliza, kikajibiwa, kikapelekwa kwa kompyuta za kawaida. Cha pili kikaingia bila kungoja, cha tatu nyuma yake. Kilonzo, mkubwa wake, alisimama nyuma ya kiti akihesabu.

"Tisa. Kumi. Mukai, hii kitu inaenda."

"Ngoja kwanza."

Cha mwisho kilikamilika zikiwa zimebaki dakika sita. Furaha ilimjaa Mukai hadi akashindwa kukaa.

Saa tisa wenye mashine wakaandika. Haijawahi kutumika bila kupumzika namna hiyo, walisema, na je, ni programu gani hiyo?

"Sasa niwaambie nini?" Kilonzo akauliza.

"Waambie tuko na visima vingine thelathini," Mukai alisema. "Na Jumanne ijayo tunataka saa nzima."