Sinema ya Wafalme na Ngoma ya Baba

Mpaka leo mtu akinitajia sinema za wafalme wa kale napandwa na hasira. Watu wanadhani natania. Sitanii. Ni sinema moja tu, mchana mmoja, kwenye banda la video pale Mpanda mjini, iliyommaliza baba yangu.

Baba alikuwa mpiga ngoma. Si ngoma za harusi wala za kwaya. Kwao Burundi, kabla hawajakimbia na kuletwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, ukoo wake ulikuwa unapiga ngoma za mfalme. Kazi hiyo baba anamwachia mtoto wa kiume, mwanamke haigusi. Huku Katumba alichonga ngoma nyingine, akaivalisha ngozi ya ng'ombe, akaiweka karibu na ghala la mahindi. Jioni akitoka kwenye shamba la tumbaku anaipiga, amesimama, fimbo mbili mikononi, jasho linamtiririka. Mimi natwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni, na mchi wangu unafuata mapigo yake mpaka mama ananigombeza kwamba sombe halitaki madoido.

Wa kurithi alikuwa kaka yangu, mwanaume pekee kati yetu. Na kaka hakutaka. Amezaliwa Katumba, Burundi anaisikia redioni, na kilichosikika redioni miaka ile ni vita tu. Alimwambia baba waziwazi kwamba habari za ngoma za mfalme ni maneno ya wazee, nani ameona? Mabega ya baba yalishaanza kumkatalia, na vita vilikuwa vimefunga njia ya kwao, hawezi kwenda kutafuta mtu mwingine wa ukoo. Ni kaka, au basi.

Ndipo fundi baiskeli wa kijijini kwetu akarudi kutoka mjini na habari. Inakuja sinema kubwa ya wafalme wa kale wa huku kwetu kwenye nchi za maziwa makuu, ina majeshi, ina ikulu, na ngoma zimo. Baba alimbana aeleze upya, na upya tena. Jioni ile akamwita kaka mbele yetu.

"Ukiona kwa macho yako, utashika fimbo?"

"Nikiona, nitashika," kaka akasema.

Jamani, tuliishi kwa neno hilo. Kanda ikachelewa. Mara jenereta imeharibika, mara mvua imekata barabara. Baba akawa hana habari na tumbaku tena, mimi na mama ndio tunahangaika nayo. Yeye anachonga fimbo mpya, nyembamba kidogo, za kutosha mikono ya kaka. Kila anayepita njiani anaonyeshwa.

Siku yenyewe tulidandia lori la tumbaku, mimi, kaka na baba. Baba amevaa koti la kanisani, kibali cha kutoka makazini kiko mfukoni, na zile fimbo amezifunga kwenye gazeti. Nikamuuliza za nini huku. Akasema anataka kumkabidhi mwanawe palepale mlangoni, kabla hajageuza moyo.

Banda lilijaa pomoni. Madirisha yamezibwa kwa magunia, joto la kufa mtu, na mwenye banda ameshika kipaza sauti anatufasiria kile Kizungu. Kwanza tukaona mchanga. Mchanga, halafu ngamia, halafu mchanga tena. Baba akanong'ona kwamba labda hao ni wageni, wako safarini kwenda kwa mfalme. Mfalme akatokea, kavaa manyoya kichwani utadhani jogoo. Kisha ngoma zikaja, na wapigaji wamekaa chini, wamezibana katikati ya magoti, wanazipiga kwa viganja huku wanatoa ndimi.

"Hao ndio wapiga ngoma wa mfalme, mababu zetu," mwenye banda akatangaza, na watu wakashangilia.

Baba alisimama. Alisema sivyo, inapigwa kwa fimbo, mtu husimama, na huingia uwanjani ameibeba kichwani huku akiipiga. Akainua mikono kuonyesha, mabega yakagoma katikati, mikono ikabaki nusu hewani mbele ya televisheni. Wakampigia kelele mzee akae, anaziba. Mwenye banda akasema kwenye kipaza sauti kwamba leo tuna mzee anayebishana na televisheni, na banda zima likaangua kicheko. Nilimtazama kaka. Alikuwa amejisogeza hadi mwisho wa benchi, kama mtu asiyetujua.

Nje, kwenye jua, baba alimnyooshea kaka lile furushi la gazeti.

"Nimeona, baba," kaka akasema. "Watu wametengeneza sinema nzima, halafu nyie wazee wa Katumba ndio mnajua zaidi?"

Hakulipokea. Na mimi nauliza mpaka leo: walipata wapi ngamia wote wale, wakakosa mtu wa kumuuliza mzee mmoja? Washenzi.

Baba hakuipiga ngoma tena. Panya walitoboa ngozi, mama akaigeuza kiota cha kuku. Fimbo mpya zilikaa darini na gazeti lake. Kaka akahamia porini Ugalla kwenye mizinga ya nyuki, akawa anakuja Krismasi. Baba alipougua na kulala kitandani, siku moja nikiwa namnywesha uji, akaanza kulia, anasema imeishia kwake, hana wa kumwachia.

Nikaweka kikombe chini. Nikagonga ubao wa kitanda kwa vidole, pigo la kuingia uwanjani, halafu la pili lake, halafu yale ya kumsifu mfalme, moja baada ya jingine, bila kukosea. Yote niliyajua, kwa miaka yote ile ya kutwanga. Baba aliacha kulia. Alisikiliza mpaka pigo la mwisho, macho yamemtoka, akinitazama kama ndiyo kwanza nimeingia nyumbani kwake.

"Ungekuwa mwanaume," akasema, kisha akageukia ukutani.