Wanaouliza Kabla ya Kahawa

Nikisikia redioni kwamba serikali fulani ya kaskazini, kwenye nchi za barafu, imeshauriana na wenyeji kabla ya kuruhusu mafuta na gesi vichimbwe, naizima. Mke wangu husema nina hasira za bure. Za bure! Mimi nilikuwapo tulipoulizwa sisi, na nilikaa gari moja na mtu aliyekuwapo walipoulizwa wao.

Ilikuwa miaka ya tisini, bomba la gesi likiletwa kutoka jangwani kwenda pwani ya Sur, kusini ya Maskati. Nilikuwa mkalimani wa kampuni moja ya ujenzi. Sisi tuliozaliwa Unguja tukarudi huku kwa wazee wetu tulipata kazi hizo kwa Kiingereza chetu cha skuli. Bomba lilipangwa lipite upande wa juu wa kijiji cha ami yangu, upande wa Al Kamil, na kukata falaji, ule mfereji wa kale unaoleta maji chini kwa chini kutoka mlimani. Falaji ile ndiyo mitende, ndiyo mbuzi, ndiyo udhu wa kijiji kizima. Ami hakuipinga gesi. Alitaka jambo moja tu: bomba lisogezwe, lipite upande wa chini wa mashamba, mahali ambapo maji yameshamaliza kazi yake.

Afisa akaja kutoka Maskati kuwasikiliza wananchi. Si mgeni huyo. Kwao Nizwa, kalelewa katika sabla kama ile tuliyokaa, chumba cha wanaume cha kupokea wageni. Anajua kuliko mimi kwamba huku mgeni akiuliza habari, jawabu la kwanza ni moja: hakuna habari, ila kheri. Hata kama asubuhi umetoka kumzika babako, unasema kheri. Halafu huja tende, humiminwa kahawa, na finjani zikishazunguka ndipo mtu anapolitoa la moyoni, taratibu. Hayo ndiyo mazungumzo. Ya mwanzo ni salamu tu.

Basi afisa akakaa, akauliza habari. Ami akajibu kwa niaba ya wazee wote: hakuna, ila kheri. Akauliza kuhusu bomba, je, kuna neno? Kheri tu, akasema ami, na akaashiria kahawa iletwe. Bwana yule akainuka. Akashukuru, akasema anangojwa Sur, akatoka na dele la kahawa ndiyo kwanza linaingia mlangoni. Nje akaniambia nimfahamishe mhandisi wetu, mzungu wa makamo, kwamba wenyeji wameridhika. Nilimfahamisha, kisha nikaongeza kwamba hawa hawajasema kitu bado. Afisa akanikumbusha kwamba kazi yangu ni kutafsiri.

Yule mhandisi alikuwa amefanya kazi miaka mingi huko kwenye barafu, na hachoki kutusifia sheria za kule: serikali haitoi kibali cha kuchimba mpaka iwaendee wenyeji na kuwasikiliza. Siku ile, garini, hakusifu. Alinisimulia kwamba maafisa wa kule walishuka na ndege, wakaitisha mkutano kwenye ukumbi wa skuli, msimu ambao wanaume wengi wako mbali wanawinda. Waliobaki ni wazee, na mzee wa kule akiulizwa jambo zito hunyamaza kwanza kitambo kizuri, maana kujibu mbio ni utovu wa adabu. Maafisa wakatazama saa zao, wakasema hakuna mwenye pingamizi, wakarudi ndegeni.

"Na mitambo?" nikamuuliza.

"Ilikuwa imeshaagizwa. Mambo yalishaamuliwa mjini. Mkutano ulikuwa wa kukamilisha tu."

Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Hawakutuambia kwamba kunaweza kuwa ujanja. Serikali ya barafu na ya mchanga hazijuani, lakini zimesoma chuo kimoja: muulize mtu pale ambapo adabu yake haimruhusu kujibu, kisha tangaza amekubali. Wale wa barafu labda hawakujua mila za wenyeji, tuseme. Lakini mtoto wa Nizwa? Aliyenyweshwa kahawa na babu yake? Huyo hana udhuru.

Nilimganda mhandisi mpaka akatuombea kikao cha pili. Kabla ya siku yenyewe nikaenda kwa ami, nikamwamkia shikamoo, nikamsihi: safari hii ami, sema mwanzo, usingoje kahawa, huyu hatangoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema inshallah.

Afisa akaja, akakaa, akauliza habari. Wazee wote wakamtazama ami.

"Hakuna habari," akasema ami, "ila kheri."

Nilishindwa kujizuia. Nikasema kwa Kiarabu, mbele ya watu waliolingana na baba yangu, kwamba bomba litaua falaji, na hilo ndilo walilo nalo vifuani. Afisa akatabasamu, akasema mwenye nyumba keshajibu, akavaa viatu vyake.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikampandishia ami sauti. Nikamuuliza kwa nini, na maji ni yake. Yeye alinimiminia finjani, akangoja ninywe.

"Mwanangu, anayeuliza kabla ya kahawa hakuja kuuliza. Ningemjibu, bomba lingepita palepale, na mimi ningebaki sina maji wala adabu."

Nilimkasirikia yeye pia, Mungu anisamehe, na hasira hiyo haijanitoka. Tingatinga lilifika kwenye falaji Jumatano. Ijumaa mfereji wa msikitini ulikuwa tope tupu, na kampuni yangu ikaleta gari la maji. Ami, mzee wa watu, akapanga foleni na birika lake mkononi, akatia udhu kwa maji yanayonuka dizeli.