Mkono wa Kulia

Daktari wa Nairobi alinishika vidole viwili, cha shahada na cha kati, akaviweka kwenye kinena cha mtoto wa dada yangu.

"Usibonyeze sana," akasema. "Ngoja mapigo yakutafute yenyewe."

Nikangoja. Mara yakaja, madogo, ya haraka, kama kifaranga anayegonga ganda kutoka ndani. Nikacheka kwa sauti mpaka wauguzi wakageuka.

Mtoto alikuwa na wiki tano. Alizaliwa Garissa, na siku ya nne akakataa titi, miguu ikawa baridi na rangi ya jivu, wakati sisi wengine tulikuwa tunalowa jasho. Mshipa mkubwa unaopeleka damu chini kutoka moyoni ulikuwa umebana mahali pamoja, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Nairobi wakampasua ubavuni, chini ya bega la kushoto, wakaupanua. Dada yangu Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo mimi, niliyeishia darasa la nane na kuota kila siku nimevaa sare ya muuguzi, ndiye nilikuwa mdomo wake na masikio yake.

Daktari alieleza kwamba pale paliposhonwa panaweza kubana tena mtoto akikua, na dalili itaonekana miguuni. Kila siku nipime mkono, kisha kinena, nilinganishe. Mguu ukidhoofika, au mtoto akihema na kutoka jasho anaponyonya, tusingoje tarehe ya kliniki. Na mkono uwe wa kulia kila mara. Akaongeza kwamba ili kuupanua ule mshipa mkubwa, walichukua mshipa wa mkono wa kushoto.

Hilo la mwisho nililimeza. Kwa lugha yetu mshipa na mzizi ni neno moja, hidid. Nikimwambia dada yangu wamekata hidid ya mkono wa mwanawe, nimemwambia mkono utakauka kama tawi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Nikamtafsiria mengine yote. Na habari ya mkono wa kulia nikaielewa kwa namna yangu: nikadhani daktari, ingawa si Mwislamu, anaheshimu adabu yetu, kwamba jambo jema hufanywa kwa kulia. Nikamsifu moyoni.

Tuliporudi Garissa sikutulia hata kidogo. Nilipima kabla ya chai na baada ya chai. Nikitumwa sukari dukani, narudi mbio, napima. Dada akaniambia nimemgeuza mwanawe redio, kila saa natafuta stesheni.

Mtoto alipofika miezi mitano tukaenda Bura kwa nyanya yetu, ayeyo, ambaye alikuwa hajamwona. Alikuwa ametengenezesha hirizi ya ngozi. Akamfunga nayo mkono wa kulia, pale pale kwenye kiwiko ninapowekaga vidole vyangu, na kusema isiguswe mpaka mwezi uandame. Kubishana na ayeyo hakuna aliyewahi. Asubuhi yake nikahamia mkono wa kushoto.

Hakukuwa na kitu. Nikasogeza vidole juu, nikashuka kwenye kifundo. Kimya. Mtoto amenishika sikio, anacheka. Nikaenda kinena, lakini vidole vyangu vyenyewe vilikuwa vinadunda kwa hofu, sikujua nasikia damu yake au yangu. Lile neno la Nairobi nilikuwa nimelimeza vizuri mno, hata mimi halikunirudia. Nilichojua ni kwamba mshipa umeziba.

Tukapanda lori la mbuzi kurudi Garissa, tukakaa mbele na dereva. Dada alimpakata mtoto, mimi nikashika unyayo wake. Dereva aliuliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana, halafu ndiyo. Kila mara lori lilipopunguza mwendo kwenye mchanga, nilitamani kushuka nikasukume. Dada aliweka shavu kwenye kichwa cha mtoto na kusoma dua zile fupi, akimaliza anaanza tena.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana, mtu wa kule kwenye majani chai. Dada hakuningoja nimsemee.

"Daktari," akasema, p ikimtoka b kama kawaida yetu, "bima mguu."

"Mama, bima sina. Mimi ni wa kupima tu."

Hata dada alitabasamu. Daktari akaweka vidole kinenani, akakaa navyo muda mrefu, kisha akaomba barua ya Nairobi. Nilikuwa nayo ndani ya karatasi ya nailoni, siku zote natembea nayo, ila Kiingereza chake na ule mwandiko vilikuwa vimenishinda. Akaisoma mara mbili.

"Hawakuwaambia?" akaniuliza. "Mshipa wa mkono huu wa kushoto ndio waliutumia kama kiraka. Hapa hutasikia mapigo. Ndiyo maana mnapima wa kulia."

Dada alishika maneno mawili, mshipa na kushoto. Akanigeukia, akauliza kwa lugha yetu amesema nini.

Nikamwambia. Nikalitaja lile neno, hidid, na kwamba nililijua tangu Nairobi. Dada aliinua mkono wa kushoto wa mtoto, akafungua vidole kimoja kimoja, na mtoto akakamata kidole chake akakivuta kuelekea mdomoni. Daktari akasema mishipa midogo ya kando imeshachukua kazi, mkono hautakauka. Nikatafsiri, safari hii bila kuacha hata nukta.

Dada mwenyewe akaisukuma hirizi juu karibu na kwapa, bila kuifungua. "Bima," akasema tena. Daktari akashika mkono wa kulia na kinena kwa pamoja, akafumba macho.

"Yanaenda sawa," akasema. "Mshipa uko wazi. Lakini msiache kupima, bado anakua."

Nje tulipita mikokoteni ya punda ya maji. Penye kivuli cha ukuta dada akasimama.

"Abaayo," akaniambia, neno letu la kumwita dada, "huyu nimemzaa mimi. Mabaya yake ni yangu. Usinichagulie."

Nikamwomba radhi. Nililia kidogo pia. Akaniacha nimalize, kisha akachuchumaa, akamlaza mtoto mapajani na kuninyooshea mkono wake, vidole viwili vikiwa vimesimama, cha shahada na cha kati. Miezi yote hiyo sikuwahi kumfundisha. Nikavishika nikaviweka kinenani.

"Usibonyeze sana," nikamwambia.

Akangoja. Nami nikangoja nikimtazama usoni, miguu yangu haitulii, mpaka nyusi zake zikapanda.